Nimezoea otomatiki, sasa nimekabidhiwa pikapu ya gia za mkono huku Lushoto: nianzie wapi?

Mgeni wa Usambara ameuliza:

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni afisa ugani niliyehamia Lushoto miezi miwili iliyopita nikitokea Dar es Salaam, ambako kwa miaka sita nimekuwa nikiendesha gari langu dogo, Toyota IST ya otomatiki, bila taabu yoyote isipokuwa foleni. Leseni yangu ni halali na mafunzo niliyapitia, lakini katika chuo nilichosoma gari la gia za mkono nililishika kwa siku nne tu, tena kwenye kiwanja tambarare, na tangu siku ya mtihani sijaligusa tena. Huku nimekabidhiwa pikapu ya ofisi, Hilux ya dizeli yenye gia tano, ambayo natakiwa kuitumia kuwafikia wakulima wa mboga na matunda katika vijiji ambavyo barabara zake, kama anavyojua kila aliyefika Usambara, ama zinapanda ama zinashuka.

Wiki iliyopita niliteremka nayo hadi Mombo nikiwa na mwenzangu wa ofisini. Wakati wa kurudi, tulipofika Soni, nilisimama kwenye mwinuko nyuma ya lori lililokuwa likishusha mzigo, na lilipoondoka gari langu likanizimikia mara nne mfululizo. Kila nilipoachia breki lilirudi nyuma, na nyuma yangu kulikuwa na Coaster iliyojaa abiria ambayo dereva wake hakuchoka kupiga honi. Mwishowe mwenzangu ndiye aliyeshika usukani, nami nikakaa kimya hadi Lushoto.

Naomba kuelekezwa katika mambo matatu. Kwanza, nitaufundishaje mguu wa kushoto, ambao kwa miaka sita haukuwa na kazi, kuiachia klachi kwa kipimo? Pili, katika kuondoka mlimani, je, ni lazima kutumia breki ya mkono, au inatosha kubalansi, yaani kulishikilia gari lisirudi nyuma kwa klachi na mafuta tu, kama wafanyavyo madereva wengi? Tatu, mwenzangu akiteremka kuelekea Mombo huweka frii, yaani hulitoa gari katika gia, akisema kwamba anaokoa mafuta, nami huwa nashikilia mlango hadi tufike chini. Je, hofu yangu ina msingi, au ni ugeni tu?

Mwalimu wa Udereva amejibu:

Dada, pole kwa yaliyokukuta Soni, ingawa hakuna dereva wa gia za mkono ambaye hajapigiwa honi mlimani angalau mara moja. Nimefundisha udereva kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni kumfundisha mwanafunzi pedeli zote tatu kwa wakati mmoja. Mtu anaambiwa aachie klachi taratibu huku akiongeza mafuta, na kwa kuwa hajui bado klachi inashika wapi, anaongeza mafuta kwa kubahatisha, gari linaruka kama chura, anashtuka, anaachia klachi yote, linazima. Kwa hiyo katika siku zako mbili za kwanza sahau kabisa kwamba pedeli ya mafuta ipo.

Tafuta kiwanja kikubwa na tambarare, kiwanja cha mpira cha shule kinafaa jioni watoto wakishaondoka, kisha urekebishe kiti kwanza. Unapoikanyaga klachi hadi mwisho, goti lako la kushoto libaki limekunjwa kidogo, kwa sababu mguu ulionyooka kabisa hauwezi kupima chochote. Vaa viatu vyenye soli nyembamba vinavyobana mguu, si malapa wala viatu vya kisigino kirefu. Washa gari, kanyaga klachi hadi mwisho, ingiza gia namba moja, teremsha breki ya mkono, kisha uanze kuinua mguu wa kushoto polepole sana huku mguu wa kulia ukiwa juu ya breki bila kuikandamiza. Kuna mahali utausikia mlio wa injini ukizama kidogo, gari litatetemeka, na boneti itakuwa kama inataka kunyanyuka: hapo ndipo klachi inaposhika. Usiinue zaidi. Mguu ukae hapo hapo, uhesabu moja hadi tatu, na gari litaanza kutembea lenyewe bila tone la mafuta kutoka kwako, maana injini ya dizeli ina nguvu ya kutosha hata ikiwa katika mzunguko wa chini. Likishatembea mita kadhaa, malizia kuachia klachi, kisha uikanyage tena pamoja na breki na usimame.

Rudia zoezi hilo mara 20, upumzike, urudie tena mara 20. Linachosha na halina fahari yoyote, lakini jioni ya pili utagundua kwamba mguu unaikuta ile sehemu wenyewe, kama mkono unavyoikuta swichi ya taa gizani katika nyumba uliyoizoea. Mafuta yataingia siku ya tatu, nayo yatakuwa kazi nyepesi.

Kuhusu mlima, jibu langu ni breki ya mkono, na silitoi kwa kusitasita. Vuta breki ya mkono, kanyaga klachi, ingiza namba moja, ongeza mafuta kidogo hadi mlio wa injini upande kiasi, ambapo kama gari lina kipimo cha mizunguko ni karibu 1,500 kwa dakika, kisha uinue klachi mpaka pale inaposhika. Pua ya gari ikishanyanyuka, tuliza miguu yote miwili, na mkono ndio ufanye kazi: teremsha breki ya mkono na gari litabaki limesimama au litaanza kupanda. Likirudi nyuma, maana yake uliachia mkono kabla klachi haijashika, kwa hiyo kanyaga breki na klachi pamoja, vuta tena breki ya mkono, uanze upya bila haraka. Anayepiga honi nyuma yako hana pedeli hata moja ya gari lako.

Angalia pia breki hiyo ilivyo, kwa sababu katika baadhi ya Hilux si ule mkono wa kawaida wa katikati ya viti bali ni fimbo ya kuvuta iliyo chini ya dashibodi, ambayo huizungusha kidogo ndipo irudi. Kama ndivyo ilivyo kwenu, fanya mazoezi ya kuivuta na kuirudisha gari likiwa limezimwa, hadi usilazimike kuitazama.

Fundi wa Korogwe amejibu:

Mwalimu ameeleza vizuri, nami nitaongeza upande wa gereji, kwa sababu naamini mtu akijua kinachotokea chini ya miguu yake anaacha kuikanyaga klachi kama swichi.

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka muda wote injini inapowaka. Ubavuni mwake kuna sahani ya klachi iliyovikwa kitambaa kigumu chenye asili moja na pedi za breki, na sahani hiyo ndiyo iliyounganishwa na gia boksi. Presha pleti, yaani bamba la kubana, huibana sahani dhidi ya flaiwili kwa nguvu ya springi, na vitu vyote vitatu vinazunguka kama kitu kimoja. Unapokanyaga pedeli, beringi husukuma springi, sahani inaachiwa, injini inazunguka peke yake. Sasa ile sehemu ambayo mwalimu anakuambia uitafute ni pale sahani inapoanza kubanwa lakini bado inateleza, na kitu kinachoteleza chini ya shinikizo huzaa joto. Sekunde mbili au tatu za kuondokea hazina madhara, ndiyo kazi iliyotengenezewa. Dakika nzima ya kubalansi mlimani ukisubiri lori limalize kushusha mzigo ni jambo jingine kabisa: hapo unaichoma sahani, na harufu kali utakayoisikia ndani ya gari ndiyo pesa ya ofisi inavyonuka ikiungua.

Kwa hiyo katika swali lako la pili nasimama na mwalimu. Madereva wengi hubalansi kwa sababu inaonekana ni umahiri, na wengi wao ndio wanaotuletea kazi, kwani kubadilisha sahani maana yake ni kushusha gia boksi yote. Kuna na mazoea mengine mawili yanayoua klachi kimyakimya. La kwanza ni kupumzisha mguu juu ya pedeli wakati unaendesha, maana hata uzito mdogo huiweka beringi kazini safari nzima. La pili ni kusimama muda mrefu gia ikiwa ndani na klachi imekanyagwa, badala ya kuweka frii na kuvuta breki ya mkono.

Lakini dada, kabla ya kujilaumu, hakikisha kwamba gari lenyewe ni zima. Pikapu za ofisi huendeshwa na watu wengi, na kila mmoja ana mguu wake. Kama klachi inashika juu kabisa, pedeli inapokaribia kumalizika, mara nyingi sahani imekwisha kuliwa. Jaribu hivi: ukiwa kwenye barabara tambarare na salama, katika gia namba nne na mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kanyaga mafuta kwa nguvu. Mlio wa injini ukipanda ilhali mwendo hauongezeki, klachi inateleza, na hata dereva wa miaka 30 angepata tabu pale Soni.

Mstaafu wa Barabara Kuu amejibu:

Binti yangu, nimesoma maelezo ya hao wenzangu na sina la kupunguza katika mambo ya klachi. Mimi nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma hadi nilipostaafu, na Mlima Kitonga nimeupanda na kuuteremka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Zamani hizo tandiboi, msaidizi wa dereva, alikuwa na kabari yake ya mti, na lori likisimama mlimani aliruka chini kabla halijatulia na kuisukuma nyuma ya tairi. Hatukuona aibu kutumia kabari, kwa hiyo wewe usione aibu kutumia breki ya mkono.

Nataka kulijibu swali lako la tatu, ambalo naona wenzangu wamelipita wakati ndilo zito kuliko yote. Gari likizima mlimani utapata aibu, lakini anayeteremka kwa frii kutoka Lushoto hadi Mombo anacheza na roho za watu. Barabara ile ni kama kilomita 33, nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine bonde, nayo inashuka takriban mita 1,000. Gari lililo katika frii halina kinacholizuia isipokuwa breki za miguu. Dereva anazikanyaga kona ya kwanza, ya pili, ya kumi, pedi zinapata moto, na zikishapata moto kupita kiasi nguvu ya kushika inapungua. Moto ukizidi, mafuta ya breki yenyewe yanachemka na kutengeneza mapovu, na hapo pedeli inazama hadi sakafuni bila kitu. Si kwamba breki zilikuwa mbovu asubuhi. Zilichoshwa njiani.

Sisi tulifundishwa kwamba mlima huteremkwa kwa gia uliyopandia. Ukitoka Lushoto, ingiza namba tatu mapema, na penye mteremko mkali zaidi namba mbili, kabla hujaanza kushuka na si katikati, kwa sababu gari likishachukua kasi gia ndogo inaweza kugoma kuingia, ukajikuta katika frii usiyoitaka. Achia pedeli ya mafuta kabisa na uisikilize injini: itanguruma, italizuia gari, wala usiogope mngurumo huo. Mwendo ukizidi unaoutaka, kanyaga breki kwa uthabiti hadi upungue, kisha uiachie ipoe, badala ya kuibonyeza kidogo kidogo njia nzima.

Na katika zile barabara za udongo mvua ikinyesha, nenda kwa gia ndogo tangu juu na usikanyage klachi katikati ya mteremko, maana ukiikanyaga umejiwekea frii mwenyewe. Kama pikapu yenu ina gia za magurudumu manne, muombe mwenzako akuonyeshe kuzitumia kabla hujazihitaji.

Fundi wa Korogwe amejibu:

Shikamoo mzee, nakubaliana nawe kwa yote, na niongeze neno moja kwa ajili ya yule mwenzake anayesema anaokoa mafuta. Katika injini za siku hizi zinazodhibitiwa kwa kompyuta, gari linapoteremka likiwa katika gia na pedeli ya mafuta imeachiwa, mafuta hukatwa kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Akiweka frii, injini inalazimika kuendelea kunywa ili isizime. Anapoteza mafuta kwa imani kwamba anayaokoa.

Abiria wa Coaster amejibu:

Samahani kwa kuingilia. Kwa nini usiombe ofisi ikupe gari la otomatiki? Dunia yote inaelekea huko, na siku hizi hata pikapu za otomatiki zipo. Naona unateseka bila sababu.

Mwalimu wa Udereva amejibu:

Ndugu, wazo lako si baya kwa mwenye uwezo wa kuchagua, na mimi sina ugomvi na otomatiki, mke wangu anaendesha hiyo hiyo. Lakini aliyeajiriwa hachagui gari, na magari mengi ya kazi yanayokwenda vijijini katika nchi yetu, ambulensi zikiwemo, bado ni ya gia za mkono. Uingereza anayefaulu mtihani kwa gari la otomatiki hupewa leseni ya otomatiki tu na haruhusiwi kuliendesha peke yake la gia za mkono. Dada yetu anayo ruhusa tayari na kilichobaki ni mazoezi, kwa hiyo naona heri ajifunze sasa kuliko siku atakapolazimika kumkimbiza mgonjwa usiku.

Mgeni wa Usambara amejibu:

Ndugu zangu, narejea baada ya siku 16. Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote.

Nilipata kiwanja cha shule na nikafanya zoezi la mwalimu kwa jioni tano. Jioni ya kwanza gari lilizima mara nyingi hadi mlinzi wa shule akaja kuniuliza kama lina hitilafu. Jioni ya tatu nilianza kuusikia ule mlio unaozama, na nilichojifunza, ambacho sikukitarajia, ni kwamba nilikuwa nikiangalia miguu wakati nilipaswa kusikiliza. Nilipozima redio na kufungua dirisha mambo yalibadilika. Jaribio la fundi nalo nililifanya na klachi inaonekana nzima, kwa hiyo kosa la Soni lilikuwa langu peke yangu.

Jumapili iliyopita tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, barabara ikiwa tupu, tukaenda hadi Soni. Nilisimama mahali pale pale, kwa makusudi, na kuondoka mara saba kwa breki ya mkono. Mara mbili lilizima. Mara tano liliondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Mwenzangu sasa anateremka kwa namba tatu, ingawa ananung'unika kuhusu kelele.

Nimebaki na mambo mawili. Gia ya rivasi mara nyingine inakwaruza kwa sauti inayonitia aibu. Na juzi nilipoiendesha IST yangu, nilipofika kwenye tuta mguu wa kushoto ulikwenda kutafuta klachi, ukaangukia breki, na mwanangu aliyekuwa nyuma nusura apige uso kwenye kiti. Ninashukuru alikuwa amefunga mkanda.

Fundi wa Korogwe amejibu:

Rivasi katika magari mengi haina zile ringi za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia kama zilivyo namba nyingine, kwa hiyo gari lisimame kabisa, klachi ikanyagwe hadi mwisho, uhesabu hadi mbili ili gia boksi itulie, ndipo uingize. Ikiendelea kugoma, ingiza namba moja kwanza, kisha rivasi, bila kuinua klachi katikati. Ikikwaruza hata baada ya hapo, mafundi waangalie kama klachi inaachia vyema.

Mwalimu wa Udereva amejibu:

Hongera sana, dada. Kuondoka vizuri mara tano kati ya saba si haba kwa mtu aliyeanza wiki mbili zilizopita. Kuhusu IST, hilo huwapata hata wazoefu wanaobadilisha magari. Kila unapoingia katika otomatiki, kabla hujawasha, uvute mguu wa kushoto nyuma hadi kisigino kiguse kiti, na uuache hapo hadi utakaposhuka. Mguu ulio mbali na pedeli utakumbuka uko katika gari gani kabla haujafika.